Wimbo wa Taifa katika Njia ya Misafara

Katika siku za jubilei twakumbuka makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, na watu waliotutangulia. Sisi twapenda kuongeza habari ya jambo moja ambalo watu hulipita upesi, nalo ni Wimbo wa Taifa, na vijana wanaochaguliwa kuuimba mbele ya watu siku ya sherehe. Wengi hudhani ni kazi ndogo ya kufungulia mkutano. Lakini mtu akijua wimbo huu ulitoka wapi, na Tabora ni mji wa namna gani, ataona kwamba kijana huyo amepewa kazi kubwa.

Kwanza tukumbuke njia yetu. Zamani, kabla ya reli, misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapa ikaendelea mpaka Ujiji penye Ziwa Tanganyika. Wazungu Burton na Speke walipofika hapa mwaka 1857 waliikuta njia imekwisha kuzoewa, na Wanyamwezi wakijulikana pote kwa kazi ya upagazi. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na zaidi, akaenda nao miezi mingi. Alisaidiwa na nini? Alisaidiwa na wimbo. Kiongozi wa msafara alitangulia na bendera, ngoma ikapigwa, mtu mmoja akaanza kuimba, na wenzake wote wakaitikia. Aliyeanzisha hakuimba ili asifiwe sauti yake. Aliimba ili wa nyuma, aliyechoka kupita wote, apate kuitika na kuinua mguu.

Wala tusisahau neno la pili. Katika njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa minyororo, ambao hawakuulizwa kama wataka kwenda. Miembe ya zamani iliyopandwa katika njia ya misafara ni ukumbusho wa mambo yote mawili, kazi ya watu huru na machozi ya watumwa.

Sasa tuutazame wimbo wenyewe. Haukutungwa na mfalme, wala na mkuu wa jeshi. Aliyeutunga ni mwalimu wa shule ya misheni, jina lake Enoch Sontonga, Mxhosa wa Afrika Kusini. Alisomea ualimu Lovedale, kisha akafundisha katika shule ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Mwaka 1897 alitunga wimbo wa kumwomba Mungu aibariki Afrika, akauandika kwa namna ya do, re, mi, kama walimu wa misheni walivyozoea, akawafundisha watoto wa shule yake. Mwaka 1899 uliimbwa mbele ya watu katika ibada ya kumwekea mikono mchungaji Mwafrika. Sontonga alifariki mwaka 1905, hali hajatimiza miaka 40, wala hakujua wimbo wake utafika wapi.

Ni nani basi walioueneza? Ni vijana waimbaji. Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na Mchungaji John Dube katika nchi ya Natal, iliuimba hata Johannesburg, na watu wakaupenda. Tarehe 8 Januari 1912 viongozi wa Waafrika walikutana Bloemfontein kuanzisha chama chao, na wimbo huu ukaimbwa hapo. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi aliuongezea beti saba. Twaona ajabu kwamba mwaka huo huo wa 1912 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora, na kazi ya wapagazi ikaanza kwisha. Huku kwetu wimbo wa njiani ulikuwa wanyamaza, na kule kusini wimbo mwingine ulikuwa umeanza safari ya kutujia.

Ulitufikia. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipopata uhuru, sauti ya Sontonga ilikuwa sauti ya taifa letu, kwa maneno ya Kiswahili, nao ukaitwa Mungu Ibariki Afrika. Baada ya muungano wa mwaka 1964 jina la Tanganyika katika ubeti wa pili liliondolewa, likawekwa jina la Tanzania. Zambia nayo ilipopata uhuru mwaka 1964 ilishika sauti hiyo hiyo kwa maneno mengine, na Afrika Kusini yenyewe imeuingiza katika wimbo wake wa taifa. Hivi mgeni atokaye Zambia akisikia watoto wetu wakiimba, atajua sauti ijapokuwa hajui maneno.

Tabora ina sehemu yake katika habari hii. Mwalimu Julius Nyerere alisoma hapa, kisha akarudi kufundisha katika shule ya St. Mary's tangu mwaka 1946. Mwezi wa Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU ulifanyika Tabora, watu wakahojiana kwa ukali juu ya uchaguzi wa kura tatu, kama waingie au wakatae. Mwisho walikubali kuingia, na chama hakikuvunjika. Mtu akisikia wimbo ukiomba hekima na umoja, na akumbuke kwamba katika mji huu mambo hayo mawili yalihitajiwa kweli kweli. Na akisikia ukitaja uhuru, na akumbuke minyororo iliyopita hapa.

Basi twarudi kwa vijana wetu. Tabora haikupungukiwa na waimbaji. Bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz zilijulikana mbali sana na hapa, na kwaya za makanisa yetu zatoa sauti nzuri kila mwaka. Siku hizi kijana mwenye kipawa huitwa penye sherehe, hupewa kipaza sauti, naye hutaka kuonyesha alichojaliwa. Huivuta sauti, huizungusha, huipandisha juu mpaka hakuna awezaye kumfuata. Watu husimama kimya, wakisikiliza. Akimaliza hupigiwa makofi. Twauliza kwa upole, je, sala yapigiwa makofi? Na watu mia tano walionyamaza, nani amewaombea nchi yao?

Vijana wengine hujibu kwamba wimbo ukiimbwa bila pambo, watu hawaujali. Neno hilo lina kweli ndani yake, maana wimbo ulioimbwa ovyo ni aibu pia. Lakini uzuri wa wimbo huu haukuwa wa mtu mmoja tangu mwanzo. Vijana wa Ohlange walikuwa mafundi wa kuimba, na ufundi wao ulikuwa wa kwaya, sauti moja ikiishika nyingine. Wimbo wenyewe umejengwa hivyo. Una beti mbili, wa kwanza wa Afrika na wa pili wa Tanzania, na kila ubeti una kiitikio chake. Kiitikio maana yake watu waitike. Mwenye kuwanyima watu kiitikio amewanyima sehemu yao, kama kiongozi wa msafara aliyekwenda mbio akaacha wapagazi nyuma.

Kwa hiyo twawasihi walimu na viongozi wa kwaya. Wafundisheni vijana beti zote mbili, na maana yake, kabla ya kuwafundisha sauti. Waanze kwa sauti ya kadiri, ambayo mzee aliye nyuma aweza kuifikia na mtoto pia. Mwendo uwe mmoja, usiokimbia wala kuburura miguu. Maneno yatamkwe yote, maana ni maombi, na maombi yasiyosikika hayasemi kitu. Wasimame wima, wasitembee jukwaani. Na mwimbaji mmoja akichaguliwa kuongoza, aimbe ubeti, kisha penye kiitikio apunguze sauti yake, awasikilize watu.

Hapo ndipo atakapojua kama ameimba vema. Watu wakiitika, hata kama sauti yake imemezwa na sauti zao, asihuzunike. Mwalimu wa kule Johannesburg aliwafundisha watoto wa darasa lake tu, nao wakawapa wengine, na leo mataifa huimba. Kijana wa Tabora naye afanye vivyo hivyo, aupokee wimbo kwa heshima, na awape watu wauimbe.