Kirekebisha taa cha ombwe (Mercedes-Benz W123)

Kirekebisha taa cha ombwe ni mfumo unaomwezesha dereva kushusha au kuinua mwanga wa taa kubwa akiwa ndani ya gari. Katika Mercedes-Benz W123, iliyozinduliwa Ujerumani mwaka 1976, mfumo huu ulifungwa kwenye magari ya soko la Ulaya. Buti ikijaa mizigo, pua ya gari huinuka na taa kuwamulika usoni wanaokuja. Dereva huzungusha swichi ya dashibodi, na ombwe huvuta kiwambo cha mpira nyuma ya kila taa. Injini ya dizeli hulipata ombwe hilo kwa pampu yake, ya petroli kutoka kwenye manifoldi.

Hitilafu nyingi hutokana na uvujaji, hasa kwenye viungo vya mpira vilivyokauka kwa joto na umri. Taa zote mbili zikigoma, chunguza swichi na bomba la kuleta ombwe. Ikigoma moja, anza na kiwambo chake. Fundi huchomoa mpira wa taa, huunganisha pampu ya mkono yenye geji, kisha huvuta. Mshale ukirudi, kiwambo kimechanika. Ukitulia ilhali taa haisogei, huenda kifaa kimekwama.

Kwenye dizeli uvujaji huu si wa kupuuzwa: ombwe hilohilo ndilo linalozima injini, hivyo gari linaweza kuendelea kunguruma ufunguo ukiwa mkononi.