Chuma Kilichofungiwa: Fizi na Upungufu wa Damu Kasese na Bwera

Mwaka 1968 jarida moja la Marekani lilichapisha makala iliyouliza iwapo upungufu wa damu ndio unaoleta ugonjwa wa fizi. Mwaka 2001 watafiti wa Amsterdam waliligeuza swali: watu wenye maradhi sugu ya fizi walikutwa na chembe nyekundu na hemoglobini pungufu kidogo kuliko wasio nayo. Tangu hapo mjadala umekuwa ni kipi kilitangulia. Nadhani ukilihamishia swali hilo Kasese, magharibi mwa Uganda, kama lilivyo, unalipotosha. Wagonjwa wa Amsterdam hawakuwa wakiishi na malaria wala safura.

Njia ya kibiolojia inaeleweka vya kutosha. Ukoga ukikaa chini ya ufizi kwa miaka, mwili huujibu kwa uvimbe usiokwisha. Kemikali za uvimbe huo, hasa intaleukini-6, hufika kwenye ini, nalo hutoa homoni iitwayo hepsidini. Mwaka 2004 ilionyeshwa kuwa homoni hii huharibu feropotini, mlango ambao chuma hupitia kutoka kwenye seli za utumbo na zile zinazomeza chembe nyekundu zilizochakaa. Mama anaweza kula maharage na samaki wa Ziwa Edward, akameza na vidonge vya chuma, na bado uboho wake ukakosa chuma. Kwa upande wa pili, aliyeishiwa chuma kweli huonekana mdomoni: ulimi hulainika na kuwaka moto, pembe za mdomo huchanika, utando wa ndani hupauka.

Sasa tazama Kasese. Tambarare kuna malaria, kandokando ya maziwa kuna kichocho, mashambani kuna minyoo ya safura (na Kiswahili huunganisha minyoo na weupe wa uso katika neno hilo moja). Ng'ambo ya kaskazini ya milima ya Rwenzori, miongoni mwa Baamba, Lehmann na Raper waliripoti mwaka 1949 kwamba karibu asilimia 45 ya waliopimwa walibeba kinasaba cha selimundu. VVU huleta vidonda na uvimbe wa fizi, na zidovudini, mojawapo ya dawa zake za zamani, hushusha damu. Utafiti wa kitaifa wa 2016 ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 53 ya watoto wa Uganda wa chini ya miaka mitano na asilimia 32 ya wanawake wa umri wa kuzaa. Mtafiti akipima fizi na hemoglobini sokoni Bwera, mji wa Kasese ulio mpakani, akaona vinashuka pamoja, huenda alichopima ni ufukara.

Basi ugonjwa wa fizi upewe uzito wake halisi. Peke yake hushusha hemoglobini kidogo. Mtu mwenye gramu 7 kwa desilita asiambiwe kwamba ni meno. Chanzo kitafutwe kwingine, na upesi.

Hata hivyo fizi zina kazi nyingine, nayo ndiyo hoja yangu. Feritini, kipimo cha akiba ya chuma, hupanda mwili unapokuwa na uvimbe, hata kama akiba yenyewe ni haba. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unahesabu upungufu kwa mtu mzima mwenye afya chini ya mikrogramu 15 kwa lita, lakini chini ya 70 akiwa na maambukizi au uvimbe. Mwenye 40 ana chuma au hana? Jibu linategemea kama uvimbe upo. Pasipo kipimo cha CRP, protini ya damu inayopanda kukiwa na uvimbe, tochi na kioo kidogo cha mdomo hutoa dalili moja. Dalili tu, si hukumu: fizi zinaweza kuvimba na CRP ikabaki chini.

Mdomo pia huweza kusomwa kupita kiasi. Uganda magharibi, kama kwingineko katika ukanda huu, uvimbe wa chonge changa linalojiandaa ndani ya ufizi wa mtoto hulaumiwa kwa homa na kuhara. Huitwa ebiino, Tanzania ni meno ya plastiki. Hukwanguliwa kwa chombo chenye ncha, na mtoto ambaye pengine ana malaria hupoteza damu aliyobakiwa nayo.

Kisiwa cha Pemba nacho kilitufunza tahadhari ya aina yake kuhusu chuma. Jaribio lililochapishwa mwaka 2006 lilikuta kwamba watoto waliopewa chuma na asidi foliki katika mazingira ya malaria walilazwa au kufa zaidi ya wenzao. Fizi hazikuhusika pale, na wajawazito wasinyimwe vidonge kwa sababu hiyo. Lakini chuma na maambukizi havipaswi kuhesabiwa katika madaftari mawili.

Mwinuko huongeza ugumu: mwongozo wa Shirika hilo la Afya Duniani wa 2024 unarekebisha hemoglobini kuanzia mita 500, hivyo gramu 12 za mwanamke wa Katwe, chini kando ya ziwa, si gramu 12 za mwanamke wa mteremko wa Rwenzori.

Mjamzito, ambaye homoni zake hulegeza fizi, akiona damu kwenye mswaki huenda akauweka kando, na ukoga ukazidi. Kliniki ingemuuliza tu: "Mama, fizi zinatoka damu?" Bwera swali hilo litaulizwa kwa Lukonzo, na kwa wanaovuka mpaka wa Mpondwe kutoka Kasindi, upande wa Kongo, kwa Kiswahili. Jibu liandikwe kando ya hemoglobini, kwenye mstari uleule.