Unatafuta nyumba Dar na mkwanja ni mdogo? Nunua njia kwanza



Wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia simu saa tatu usiku, anahema utadhani kakimbizwa na mbwa. "Kaka, nimepata eneo mbele ya Mlandizi, lina msingi tayari, bei chee! Dalali anasema nisipolipa kesho linaenda." Nikamuuliza swali moja tu: "Jumatatu utafikaje kazini?" Kimya. Dogo kibarua chake kipo Kivukoni, anatakiwa awe ameingia saa mbili kamili asubuhi. Mwisho akasema, "Dalali kasema treni ya SGR inapita palepale."

Kupita inapita. Kusimama je?

Nikaona badala ya kumjibu yeye peke yake, niyaandike hapa, maana najua wapo wengi wenye vibunda vyao vidogo wanaozungushwa na madalali kila Jumamosi. Mimi sio mtaalamu wa ardhi. Ni mtu niliyeingia mkenge, nikatoka, na makovu ninayo.

YALIYONIKUTA

Mwaka 2013 nilikuwa karani wa stoo Kariakoo. Nilikuwa na milioni 8 na kitu, zingine zangu, zingine za mchezo wa mke wangu. Tukaonyeshwa mapagale mawili. La kwanza lilikuwa Kitunda, vyumba viwili na sebule, kiwanja kidogo cha kubanana, milioni 13. La pili lilikuwa Chanika ndani ndani huko, vyumba vitatu, eneo kubwa la kupanda hadi migomba, milioni 8. Mnajua nilichagua lipi. Nikasema tofauti ya milioni 5 nitapigia bati na madirisha.

Hesabu niliyotakiwa kuipiga kabla, niliipiga baada ya mwaka. Kutoka Chanika kwangu: bodaboda hadi kituoni 1,000, gari hadi Buguruni 600, gari ya pili hadi Kariakoo 400. Jumla 2,000 kwenda, 2,000 kurudi. Siku 26 za kazi, 104,000 kwa mwezi. Kule Kitunda ingekuwa gari moja, 500 kwenda na 500 kurudi, yaani 26,000 kwa mwezi. Tofauti ni 78,000 kila mwezi, au 936,000 kwa mwaka. Ile milioni 5 "niliyookoa" ingekwisha yote kwenye nauli ndani ya miaka mitano na ushee!

Na hapo sijagusa muda. Nilikuwa naamka saa tisa na nusu usiku, natoka saa kumi alfajiri, narudi saa tatu usiku. Mwanangu alipofika miaka mitatu alimuuliza mama yake, "Baba anakaa hapa au huwa anakuja tu?" Mke wangu alicheka aliponisimulia. Mimi sikucheka.

Mwaka 2016 nikashindwa. Nikapanga chumba Buguruni, nalala huko Jumatatu hadi Ijumaa. Yaani mwenye nyumba wa Chanika, mpangaji wa Buguruni! Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Mimi uliharibika kabisa.

HESABU YA KUPIGA KABLA YA KUMUONA DALALI

Chukua kalamu, weka namba zako mwenyewe, usitumie zangu za zamani.

1. Nauli ya kwenda na kurudi, ikiwa na bodaboda au bajaji ya mwisho, zidisha kwa siku zako za kazi. Usisahau nauli ya mwenzio na ya watoto wa shule. Wengi tunahesabu ya mtu mmoja.

2. Zidisha kwa 12, kisha kwa miaka 10. Jumlisha na bei ya nyumba. HIYO ndiyo bei ya kulinganisha nyumba na nyumba.

3. Hesabu magari. Nyumba ya gari moja yenye chumba kimoja pungufu mara nyingi inaishinda ya magari matatu. Kila unaposhuka kuna kusubiri, kuna kugombania, na kuna siku unalazimika kugeuza na gari hadi mwisho wa njia ili upate siti, unalipa mara mbili.

4. Hesabu vitu ambavyo havijafika: nguzo ya umeme, bomba la maji, barabara. Pagale lisilo na nguzo karibu sio la bei chee, deni lake linakusubiri mbele.

5. Kibarua kinahama. Ukipoteza kazi ya Posta ukapata ya Mwenge, hapo kwako panafaa bado? Mtaa wenye njia mbili za kutokea una thamani kuliko wenye njia moja.

NJIA KWA NJIA

Dar inazidi kufura. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Milioni nzima imeongezeka, na wengi wetu tunaishia pembezoni. Pembezoni zote hazifanani.

Morogoro Road. Mwendokasi ilianza Mei 2016, ikitokea Kimara kwenda Kivukoni, Gerezani na Morocco, na basi linapita kwenye njia yake wakati wengine wapo kwenye foleni. Kwa hiyo Kimara na pembeni yake bei ilipanda. Ukivuka kwenda Mbezi, Kibamba na Kiluvya bei inashuka, lakini kumbuka mwaka 2017. Nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo kwenye kipande hicho ni mita 121.5 kila upande. Wapo waliokuwa wamekaa humo miaka na miaka. Ukionyeshwa nyumba "barabarani kabisa" kwenye barabara kuu yoyote, usifurahi, toa futi kamba upime.

Nyerere Road. Gongo la Mboto, Pugu, Chanika, na Kisarawe kwa upande wa Pwani. Huku viwanja vikubwa bado vinapatikana. Treni ya mjini, ile tuliyoiita treni ya Mwakyembe, ilianza Oktoba 2012 kwa reli mbili, ya kati na ya TAZARA, na baadaye ikaongezwa safari ya Pugu. Treni haijui foleni, ila ni kitu cha asubuhi na jioni, ukiikosa umekosa. Kama unanunua kwa kutegemea treni, nenda stesheni mwenyewe usome ratiba, usisomewe na dalali. Na SGR iliyoanza Juni 2024 kati ya Dar na Morogoro ni treni ya safari, stesheni zake ni chache na zimeachana mbali. Nyumba iliyo karibu na reli haina maana iko karibu na treni.

Kilwa Road. Mbagala, Chamazi, Toangoma, Kongowe, halafu Mwandege na Vikindu ambazo ni Mkuranga. Kwa mfanyakazi wa Kariakoo au bandarini huku ni karibu kuliko watu wanavyodhani, na njia za mwendokasi zimejengwa hadi Mbagala. Cha kuangalia ni umbali wa kutoka lami hadi mlangoni. Kilomita nne za mchanga au tope kwa bodaboda kila siku zinaweza kula nauli kuliko gari lenyewe.

Bagamoyo Road. Tegeta, Boko, Bunju, hadi Mapinga ambayo ni Bagamoyo. Bei ya huku ni ya wenye magari. Kwa kipato kidogo inaingia akilini kama kazi yako ipo Mwenge, Mikocheni au Tegeta kwenyewe. Kama ipo Kariakoo, fikiria mara mbili.

Kigamboni. Daraja lilifunguliwa Aprili 2016 na lina tozo kwa magari. Kivuko cha Magogoni kinakushusha karibu na Posta, ila kikiharibika, mji mzima unakwama pamoja nawe. Na wenyeji wa huku wana somo la kutufundisha: mpango wa mji mpya wa Kigamboni ulipotangazwa 2008, watu wengi walikaa miaka hawajui kama wajenge, wauze au wasubiri fidia. Kwa hiyo ofisi ya mipango miji ya manispaa uipitie hata kama kiwanja kinaonekana kimetulia.

Dokezo moja la kuokoa pesa: mwaka 2002 serikali ilianza mradi wa viwanja 20,000 hapa Dar. Maeneo kama Bunju, Mivumoni, Toangoma, Kibada, Gezaulole na Buyuni ya Chanika yalipimwa. Ukishindwa bei ya ndani ya maeneo hayo, angalia jirani yake. Barabara zilizoachwa kwenye ramani zitakufaa na wewe.

KARATASI

Hapa ndipo watu wanapolia, kwa hiyo twende taratibu.

Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini. Wewe unanunua haki ya kuitumia. Mwenye hati ana haki ya miaka iliyoandikwa humo, 33, 66 au 99. Leseni ya makazi ni ya miaka michache na inahuishwa. Mkataba wa mauziano uliosainiwa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba mliuziana, lakini SIO hati.

Kama kuna hati, nenda ofisi ya msajili wa hati ufanye upekuzi. Utaona jina la mmiliki halisi na kama benki imeikamata kwa mkopo. Kama hakuna hati, nenda serikali ya mtaa, na usiishie kwa mwenyekiti. Ongea na majirani wa pande zote nne. Waulize mipaka, waulize nani alikuwepo kabla, waulize kama kuna kesi. Majirani hawana kamisheni.

Muuzaji kama ana mke au mume, mwenzake asaini. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kama ni nyumba ya marehemu, muulize aliyekuja kuuza barua ya usimamizi wa mirathi iliyotolewa na mahakama. "Ndugu wote wamekubali" sio barua.

Mto na bahari navyo vina mpaka: mita 60 kutoka ukingoni, kwa Sheria ya Mazingira ya 2004. Waliokumbwa na mafuriko ya Desemba 2011 bonde la Msimbazi wengi walihamishiwa Mabwepande. Ukinunua bondeni kwa sababu ni bei rahisi na karibu na mjini, umenunua msimu wa kiangazi tu. Kaangalie eneo mwezi wa nne, mvua ikiwa inanyesha. Angalia alama ya maji kwenye kuta za jirani, ukuta hausemi uongo.

Na pesa ilipwe benki, isilipwe mkononi chini ya mwembe. Ukidaiwa asilimia yoyote na ofisi yoyote, omba risiti. Risiti isipokuwepo, uliza hiyo pesa inakwenda wapi.

JARIBIO LA JUMATATU

Hili ndilo nililotakiwa kulifanya 2013, na halina gharama zaidi ya nauli. Madalali wanapenda kukupeleka Jumapili mchana, barabara nyeupe, dakika 45 mmefika. Wewe nenda peke yako Jumapili jioni, lala huko kwa mtu au gesti, halafu Jumatatu saa kumi na moja alfajiri simama kituoni kama mkazi. Panda gari kama wanavyopanda. Angalia saa unayofika kazini. Jioni rudi uone na kiza chake, uone kama mkeo au dada yako anaweza kutembea ile njia kutoka kituoni.

Ukiona unaweza kuishi hivyo miaka kumi, lipa. Ukiona huwezi, shukuru Mungu umepoteza nauli tu.

Mimi niliuza Chanika mwaka 2018. Nikaongeza mkopo wa kazini, nikanunua pagale upande uleule wa Kitunda kwa milioni 22, dogo kuliko lile nililolikataa kwa 13. Inauma, ila nafika nyumbani mtoto hajalala.

Na dogo? Nilimwambia afanye jaribio kabla ya kutoa hata senti. Dalali akakasirika, akasema mteja mwingine yupo njiani. Tukamwambia mteja huyo atangulie. Jumatatu dogo akaamkia huko mbele ya Mlandizi, akatoka saa kumi na moja kamili. Saa nne kasoro akanitumia meseji: "Kaka, ndio nashuka Kivukoni. Bosi kaniandikia barua." Saa nne na dakika mbili ikaja nyingine: "Lile la Kongowe ulilosema, bado lipo?"

Nimemwambia tunaenda Jumatatu, sio Jumapili.

Wenye uzoefu wa njia nilizoziruka, hasa Goba, Madale na Kivule, mwageni data hapo chini, watu waokoke. Nawakilisha.