Mkimbiaji, Chombo na Taifa: Fundisho la Burundi katika Olimpiki ya 1996

Wapo wanaodai kwamba michezo ni michezo na siasa ni siasa. Kwamba mkimbiaji akisimama kwenye mstari wa kuanzia hana taifa wala historia, ana miguu yake tu. Dai hili hatuna budi kulipima kwa matukio. Tumechagua mfano wa jirani zetu wa Burundi, nchi yenye eneo lisilofikia kilomita za mraba 28,000, ambayo mwaka 1996 ilipeleka wanariadha 7 katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta, Marekani, ikarudi na medali ya dhahabu.

Mkimbiaji bila chombo

Burundi ilijipatia uhuru tarehe 1 Julai 1962. Kutoka siku hiyo hadi bendera yake ilipopita katika uwanja wa Olimpiki kwa mara ya kwanza ilipita miaka 34. Wakimbiaji hodari walikuwapo. Kilichokosekana ni chombo. Katika Olimpiki mtu binafsi hajiandikishi mwenyewe; huandikishwa na Kamati ya Olimpiki ya nchi yake, na kamati hiyo sharti iundwe na vyama vya taifa vya michezo visivyopungua vitano vinavyotambuliwa kimataifa. Kwa nchi tajiri sharti hili ni suala la makaratasi. Kwa nchi ya wakulima iliyorithi kutoka kwa ukoloni umaskini na mgawanyiko, ni kazi ya miaka mingi.

Aliyeonja uchungu wa hali hiyo ni Dieudonné Kwizera, mkimbiaji wa masafa ya kati. Michezo ya Seoul ya 1988 ilimpita, na ile ya Barcelona ya 1992 ikampita vilevile, kwa kuwa nchi yake haikuwa mwanachama. Miguu alikuwa nayo, na mashindano mengine alikimbia. Lakini mahali ambapo mataifa huitwa kwa majina yao, hakukuwa na wa kumwita. Hapa tunaona wazi kwamba kipaji cha mtu mmoja, hata kikiwa kikubwa namna gani, hakijengi nafasi ya taifa pasipo umma kujiunda katika vyombo vyake.

Mlango wafunguka, nyumba yawaka

Mwaka 1993 Burundi ilitambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mwaka huohuo, tarehe 21 Oktoba, Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa na wananchi miezi michache tu kabla, aliuawa na wanajeshi waasi. Mauaji makubwa yakafuata, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe, na maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wakavuka mpaka kuingia nchini kwetu. Taifa lilikuwa limepata jina mbele ya dunia wakati uleule lilipokuwa likichanika ndani.

Tuziangalie tarehe zenyewe. Michezo ya Atlanta, iliyokusanya kamati za nchi 197, ilifunguliwa tarehe 19 Julai 1996. Tarehe 25 Julai jeshi lilitwaa madaraka mjini Bujumbura na kumweka Meja Pierre Buyoya. Tarehe 31 Julai viongozi wa nchi za kanda hii, Tanzania ikiwamo, walikutana Arusha wakaamua kuiwekea Burundi vikwazo vya uchumi. Wanariadha wake walikuwa bado uwanjani.

Tarehe 3 Agosti ikaja fainali ya mita 5,000. Vénuste Niyongabo, aliyepata shaba ya mita 1,500 katika Mashindano ya Dunia ya 1995, alikuwa miongoni mwa waliotazamiwa kutwaa medali katika mbio hizo. Lakini nafasi yake ya mita 1,500 alikwisha mwachia Kwizera, ili mwenzake aliyezuiwa mara mbili naye apate kukimbia Olimpiki. Yeye akaingia mita 5,000, masafa ambayo hakuwa na uzoefu nayo. Alishinda kwa dakika 13, sekunde 7.96, Paul Bitok wa Kenya alikuwa nyuma yake kwa sehemu 20 za mia za sekunde. Kwizera hakufika fainali, lakini alikimbia. Naye Aloÿs Nizigama alishika nafasi ya 4 katika mita 10,000.

Tujifunze nini?

Mosi, ushindi huu haukuwa wa mtu mmoja. Aliyetangulia aligongea mlango, aliyefuata akautambua mchango wake kwa vitendo. Niyongabo alitoa kile alichokuwa na hakika nacho zaidi. Huo ndio udugu, nao hupimwa kwa kile mtu anachokubali kukikosa.

Pili, tusidanganyike kwamba medali huponya taifa. Dhahabu ile haikunyamazisha bunduki hata moja. Vikwazo viliendelea hadi Januari 1999. Amani ilitafutwa kwa njia nyingine, ngumu na ndefu: mazungumzo ya Arusha, yaliyosimamiwa na Mwalimu Nyerere hadi alipofariki Oktoba 1999, kisha na Nelson Mandela, na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Hata baada ya hapo mapigano hayakukoma mara moja. Medali ya pili ya Burundi, fedha ya Francine Niyonsaba katika mita 800 huko Rio de Janeiro mwaka 2016, ilikuja mwaka mmoja baada ya mgogoro wa 2015 uliowarudisha wengi ukimbizini.

Tatu, na hili ndilo tunalowaachia makada na wanafunzi walijadili: wananchi wa Burundi walishangilia bendera ileile moja, huku wakiuana chini yake. Kwa hiyo bendera peke yake haitoshi. Mwanariadha anaweza kulionyesha taifa linavyoweza kuwa kwa dakika 13. Kuligeuza liwe hivyo kila siku, kijijini na mjini, ni kazi ya siasa, na kazi hiyo hakuna mkimbiaji awezaye kuwafanyia wananchi.