Merikani, Kaniki na Kanga

Mwaka 1833, Seyyid Said bin Sultan alipofunga mkataba wa biashara na Marekani, hapana aliyedhani kwamba bidhaa itakayotia fora katika bandari ya Unguja itakuwa ni merikani, nguo ya pamba isiyopaushwa, ngumu na ya bei nafuu, iliyoletwa na merikebu za Salem, mji wa pwani ya Massachusetts, nazo zikarejea kwao na pembe, ngozi na sandarusi. Mwaka 1847 kiwanda cha Naumkeag kikaanza kufuma hapo Salem kwa nguvu ya mvuke, na Afrika Mashariki ikawa miongoni mwa masoko yake. Anayeshikilia kuwa mitambo ndiyo iongozayo wanadamu angeweza kuifunga hoja yake hapo: tanuri liliwashwa Salem, na mavazi ya mtu wa Unyanyembe yakabadilika.

Ama mimi naona kwamba habari hiyo imesimuliwa nusu, kwa kuwa mnunuzi wa merikani hakuwa mjinga wa nguo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo za mji huo zikipelekwa hata Misri. Na huko bara, Unyamwezi na Ufipa, vitanda vya mfumi viliendelea kufanya kazi wakati nguo ya kigeni imekwisha kuenea. Watu wa namna hii huupima uzi kwa vidole kabla ya kutaja bei. Waingereza walipojaribu kuiga merikani, wanunuzi walilalamika kuwa ya kuiga haidumu, wakaikataa. Na mwenye msafara aliyefunga mizigo yake Bagamoyo pasipo kuuliza kwanza ni nguo gani na ushanga gani upendwao Ugogo au Ujiji, aliweza kufika na mali tele isiyomnunulia hata kibaba cha mtama. Stanley mwenyewe, alipojitayarisha Unguja mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, ilimlazimu kwanza aisome elimu hiyo kwa wafanyabiashara wa Kiarabu.

Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 viliiadimisha pamba, na baadaye viwanda vya Bombay vikalitwaa soko, lakini kwa sharti la kufuma nguo inayofanana na ile iliyozoeleka, nayo ikaendelea kuitwa merikani. (Pamba ya Salem, na hili halisemwi sana, ilichumwa na watumwa wa kusini ya Marekani, kisha ikaja kuwavika watumwa wa mashamba ya karafuu.) Merikani iliyotiwa nili ndiyo kaniki, na kaniki Unguja ilikuwa alama ya unyonge. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake walioachwa huru waliitupa kaniki wakajifunga kanga, na humo ndimo nguvu ya mvaaji ilimodhihirika zaidi.

Kanga zilichapwa Uholanzi na Uingereza, na baadaye India na Japani, ilhali mifano yake ilitoka Unguja na Mombasa, kwa wenye maduka waliokaa wakisikiliza mabibi wanasifu nini na wanacheka nini. Pindo liwe hivi, mji uwe hivi, na jina liandikwe, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kilatini. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kama Abdulla, lilipata sifa kwa kanga za namna hiyo. Mtindo nao haukumngoja mtu: shehena iliyochelewa baharini iliweza kufika wakati mabibi wamekwisha kuichoka, ikabaki kuozea ghalani, na hasara ikawa ya mwenye kiwanda.

Sikatai kwamba mtambo ulikuwa na taathira yake. Lau si urahisi wa bei ulioletwa na uchapaji wa kiwandani, mwanamke aliyetoka utumwani bila shamba wala mahari asingeweza kuvaa doti mpya siku ya Idi mbele ya bibi yake wa zamani, na mkono wa mfumi peke yake usingemfikisha hapo. Lakini Salem na Bombay hazikumtuma aichukie kaniki.

Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China. Mitambo ilikuwa ya Kichina, na serikali ilikuwa ya Ujamaa; kanga zilizotoka humo zilikuwa na pindo, mji na jina, zikauzwa kwa doti.