Mpenzi Huyu Ni Nani? Taawili ya Nyimbo za Mahaba kwa Marabi na kwa Wanazuoni wa Oman

Kila mwaka darasa la ushairi linapofika kwenye nyimbo za mapenzi, sisi wanafunzi hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza likikutana na neno "nyonda" au "muhibu" husema huyu ni mtu na mpenzi wake, basi, tusisumbuane. Kundi la pili husema ni nchi, au ni uhuru, au ni Mwenyezi Mungu, na mara nyingi hupata alama nzuri zaidi kwa kuwa limejaza kurasa nyingi. Katika makala haya tunataka kuliuliza swali ambalo makundi yote mawili hulirukia: ni nani mwenye haki ya kusema kwamba wimbo wa mapenzi una maana nyingine, na haki hiyo anaipata wapi? Swali hili ni la zamani sana. Lilijadiliwa na marabi wa Kiyahudi karibu miaka 1900 iliyopita, na likajadiliwa tena, kwa lugha nyingine na dini nyingine, na wanazuoni wa Oman waliokuja kuishi na kufia Unguja.

Tuanze na marabi. Katika Biblia ya Kiebrania kimo kitabu kifupi cha sura nane ambacho Biblia ya Kiswahili hukiita Wimbo Ulio Bora. Ni majibizano ya mwanamume na mwanamke wanaotamaniana. Wanasifiana macho, nywele, shingo, matiti na mapaja. Hamna sheria ndani yake wala nabii anayeonya watu, na jina la Mungu ni kama halimo. Kitabu cha namna hii kiliingiaje katika maandiko matakatifu? Marabi walibishana, na ubishi wao umehifadhiwa katika Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika karibu na mwaka 200. Waliuliza kwa namna ambayo kwetu inashangaza: je, kitabu hiki hutia mikono najisi? Kwa istilahi yao, andiko takatifu ndilo hasa lililotia mikono najisi, kwa hiyo jibu la "ndiyo" lilikuwa sifa. Rabi Akiva, aliyeuawa na Warumi mnamo mwaka 135, hakukubali hata mjadala wenyewe. Kwake maandiko yote yalikuwa matakatifu, na hili lilikuwa limeyapita yote.

Inasimuliwa pia kwamba Akiva huyohuyo aliwaonya vikali watu walioughani Wimbo huu kwa madaha katika nyumba za karamu, akasema hawana fungu katika ulimwengu ujao. Sisi onyo hili limetuvutia kuliko ile sifa. Mtu hakatazi jambo ambalo halifanywi. Basi walikuwapo watu, tena Wayahudi wa zama za Akiva, walioimba Wimbo Ulio Bora kwenye karamu kama tunavyoimba taarabu harusini, na hakuna aliyehitaji kuambiwa mpenzi ni nani. Akiva alikuwa akiugombania wimbo: utoke ukumbini, uingie chuoni.

Na chuoni waliupa ufunguo. Kwanza walianza na jina. Wimbo umenasibishwa na mfalme Sulemani, lakini marabi walisema Sulemani wa humu ni Mfalme ambaye amani ni yake, yaani Mungu mwenyewe. Ukishakubali hilo, mlango mzima unafunguka. Mwanamke ni umma wa Israeli. Busu la mwanzo ni Torati iliyoteremshwa Sinai, na matiti mawili ni Musa na Haruni. Njiwa aliyejificha katika nyufa za mwamba ni Waisraeli waliobanwa kati ya jeshi la Farao na bahari. Huenda msomaji akacheka hapo kwa Musa na Haruni, na tunakiri kwamba sisi tulicheka. Lakini tusiharakishe. Manabii Hosea, Yeremia na Ezekieli walikuwa wamekwisha kusema kwamba agano la Mungu na Israeli ni ndoa, ndoa yenye wivu, talaka na kurejeana. Marabi hawakuokota fumbo barabarani. Lilikuwamo nyumbani mwao. Na mwaka 70 Warumi walikuwa wameliteketeza Hekalu la Yerusalemu. Mwanamke anayezunguka mjini usiku akimtafuta mpenzi wake asimwone, nani angemwelewa kuliko watu waliopoteza nyumba ya Mungu wao?

Wakristo nao waliuchukua Wimbo wakasema mpenzi ni Kristo na bibi harusi ni Kanisa. Hayo ni maarufu, tuyapite.

Tutue Misri. Huko Fustat, mji wa kale uliopakana na Kairo, alifariki mwaka 1204 Musa bin Maimuni, ambaye Ulaya humwita Maimonides, mwanasheria na tabibu wa Kiyahudi. Yeye aliusoma Wimbo kwa njia nyingine. Alipokuwa akieleza namna ya kumpenda Mungu, alisema mpenzi wa Mungu awe kama mgonjwa wa mahaba, ambaye akikaa au akisimama, akila au akinywa, moyo wake hautoki kwa ampendaye. Na akasema Wimbo wote ni mfano wa hali hiyo. Hapo mwanamke wa Wimbo amekuwa nafsi ya mtu mmoja, wala si umma tena. Maimuni ndiye pia aliyesisitiza kuliko wengine kwamba Mungu hana mwili. Aliyekataa kabisa kwamba Mungu ana mkono au uso ndiye aliyekubali kumpenda kwa maneno ya mashavu na busu. Kwa sababu hapakuwa na hatari tena ya kuyachukua maneno hayo kwa dhahiri, aliweza kuyatumia bila hofu.

Alipokufa Maimuni, katika mji huohuo alikuwapo kijana Mwislamu wa miaka kama 23, Umar ibn al-Farid. Hatudai kwamba mmoja alimsoma mwingine. Ibn al-Farid, aliyefariki 1235, alitunga kasida ndefu ya beti zaidi ya 700 ambamo mpenzi anaitwa kwa kiambishi cha kike cha Kiarabu, na wapenzi wa Mungu wakaifanya kuwa darasa lao. Mapokeo ya ukoo wake yanasema kwamba aliipa kwanza jina la mapambo, kisha akamwota Mtume akimwamuru aiite Nazm al-Suluk, nadhamu ya safari ya kumwendea Mungu. Jina tena! Kama vile kwa Sulemani, kabla msomaji hajafika ubeti wa kwanza ameshaambiwa njia inaelekea wapi.

Kasida hiyo ndiyo inayotuleta Oman. Ng'ambo ya Jabal Akhdar, ukitokea Nizwa, liko bonde la Bani Kharus. Huko alitoka Nasir bin Jaid al-Kharusi, aliyezaliwa 1778, mtoto wa mwanachuoni mashuhuri Abu Nabhan. Sayyid Said bin Sultan alimweka karibu naye Maskati na Unguja, na inasemekana alikuwa akiziogopa elimu zake za siri. Nasir alifariki Unguja mwaka 1847. Wanachama wetu wanaopenda leksikografia watafurahi kujua kwamba aliandika kitabu kuhusu siri za mimea ya Uswahilini, ambacho bado kinawasubiri. Lakini kinachotuhusu hapa ni sharhi yake ya Ibn al-Farid. Aliiita ufafanuzi wa nadhamu ya suluki kuelekea hadhara za Mfalme wa wafalme, na kwa jina hilo ameukaza ufunguo uleule zaidi.

Kwa nini Mwibadhi ajitie katika kazi hiyo? Waibadhi hawana twarika wala hawakai duara wakaimba zikri kama wafanyavyo Makadiriya. Zaidi ya hayo, itikadi yao inasema Mungu haonekani kwa macho, si duniani wala akhera. Kasida inayotamani kuuona uso wa mpenzi ingepaswa kuwachoma. Sisi tunaona ilikuwa kinyume. Mwanachuoni wa Kiibadhi amelelewa katika taawili. Tangu utotoni amefunzwa kwamba mkono wa Mungu katika Kurani ni uwezo wake, na kwamba kukaa juu ya Arshi ni kutawala. Chombo hicho kilikuwa mkononi tayari, na kasida ya mahaba ilikuwa shamba jingine tu la kulilima. Hapo Nasir anafanana na Maimuni kuliko wote tuliowataja. Naye, kama Akiva, aliuweka wimbo chuoni, ndani ya sharhi, mbali na sauti na ngoma.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba watu wa suluki walijifungia vyumbani. Said bin Khalfan al-Khalili, mtunzi mkubwa wa mashairi ya suluki katika Oman ya karne ya 19, ndiye aliyekuwa nguzo ya Uimamu wa Azzan bin Qais kuanzia 1868, akafa 1871 ulipoanguka. Mjukuu wake Muhammad bin Abdallah alikuwa Imamu, makao yake Nizwa, kuanzia 1920 hadi 1954.

Na hapa ndipo anapoingia Abu Muslim, Nasir bin Salim al-Bahlani, mtoto wa Wadi Mahram katika Dakhiliya. Sehemu kubwa ya umri wake aliishi Unguja. Alikuwa kadhi, na mwaka 1911 akaanzisha gazeti la Al-Najah. Alitunga dua ndefu za beti juu ya majina ya Mwenyezi Mungu, katika mkondo uleule wa al-Khalili. Lakini kasida yake iliyoenea zaidi ni Nuniya, inayouunga mkono Uimamu uliofufuliwa 1913 alipochaguliwa Salim bin Rashid al-Kharusi huko Tanuf na Nizwa ikatwaliwa. Desturi ya kasida ya Kiarabu ni kuanza na majonzi ya mpenzi aliyehama, mahame yake, umeme unaomulika upande aliko. Abu Muslim anaanza na umeme huo. Macho hayalali, kifua kinawaka. Kisha mpenzi anajulikana: ni Oman, na makabila yake yanaitwa kwa majina yaamke yaungane.

Basi tunao Waomani wawili waliofia Unguja na njia mbili za kuisoma lugha ya mahaba. Nasir alisoma kama Maimuni: nafsi moja na Mola wake. Abu Muslim alitunga kama marabi walivyosoma: mapenzi ni ya umma, yana historia, yana majina ya watu na mahali, na yanawaka kwa sababu kuna umbali. Tofauti ipo na tusiifiche. Kwa marabi anayependwa na anayependa ni Mungu na watu wake; kwa Abu Muslim kipenzi ni nchi, na Mungu ndiye anayetumikiwa kwa mapenzi hayo. Abu Muslim alifariki 1920, mwaka uleule alipouawa Imamu Salim, na hakuzikwa Oman.

Turudi darasani. Kundi letu la pili lina haki kusema mpenzi ni nchi, ila lionyeshe ufunguo uko wapi. Je, mtunzi ameuacha ndani ya shairi, kama Abu Muslim anavyotaja makabila? Je, upo katika jina, au katika desturi ya jamii iliyokwisha kutumia fumbo hilo, kama ndoa ya manabii? Au umo katika mahali wimbo unapoimbwa? "Habibi" ndani ya maulidi ni Mtume, na ndani ya taarabu huenda amekaa safu ya pili. Kukiwa hakuna hata kimoja, tunamsingizia mshairi. Na kundi la kwanza nalo lisijigambe. Ibn Ezra, mfasiri wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliupitia Wimbo mara tatu: mara ya kwanza maneno, ya pili kisa cha wapendanao kama kilivyo, ya tatu fumbo la umma. Hakuifuta dhahiri ili batini ipate nafasi, wala hakuikalia dhahiri akakataa kunyanyuka.

Iko njia moja zaidi ambayo hatukuikuta vitabuni. Watu wa Ibra na Sharqiya nzima waliifikia Unguja kwa majahazi, mengi yao ya Sur, yakisukumwa na kaskazi. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliwatawanya wengi, na baada ya 1970 Sultani Qaboos alipofungua milango, kizazi kilichozaliwa Unguja kilihamia Ibra, Nizwa na Sur kikiwa na Kiswahili chake na kanda zake za taarabu. Baadhi yetu tuna jamaa huko. Likizo iliyopita tulikaa barazani Ibra na bibi mmoja, kanda ya zamani inalia, wimbo wa mtu anayemlilia aliyemwacha nyuma. Tukamuuliza kwa lugha ya darasani: "Bibi, huyu mpenzi ni nani?"

"Huyo Unguja, wajukuu zangu," akasema mara moja, kama mtu aliyeulizwa jina la jirani.

Akanyamaza mpaka wimbo ukaisha. Kisha akacheka, akavuta mtandio wake: "Lakini nilipokuwa msichana, kulekule Unguja, hakuwa Unguja."