Vinywaji vya probiotiki: je, vinafaa kununuliwa kwa ajili ya tumbo?

Wamama wengi wa makanisa yetu wanatuuliza swali moja. Muuzaji amekuja nyumbani, au amesimama karibu na mlango wa kanisa baada ya ibada, akiwa na vichupa vidogo au vipakiti vya unga wa kukoroga katika maji. Anasema ndani mna bakteria wazuri ambao wanasafisha tumbo, wanaondoa gesi, wanakomesha kuhara kwa watoto, na hata wanazuia magonjwa mengine. Bei ni dola kadhaa, na inabidi kuendelea mwezi mzima. Je, tununue?

Swali hili si la mchezo. Kwa jamaa inayoishi kwa biashara ndogo ya sokoni, dola hizo ni unga, ni sabuni, ni makala ya kupikia, ni minervali ya mtoto. Tena, mtoto anapohara, anayeshika dawa isiyofaa anapoteza saa ambazo mtoto hana. Kwa hiyo tumeona vema kueleza hapa yale yanayojulikana, ili kila mtu aamue kwa ufahamu.

Probiotiki ni nini?

Katika matumbo ya kila mtu, hasa utumbo mkubwa, wanaishi vijidudu wengi mno. Sehemu kubwa yao hawatuletei ugonjwa. Wanasaidia kumeng'enya vyakula ambavyo tumbo lenyewe haliwezi, wanatengeneza baadhi ya vitamini, na wanawanyima nafasi vijidudu waharibifu. Mwaka 2001 wataalamu walioitwa na FAO na Shirika la Afya Duniani (OMS) walitoa maana ya neno probiotiki: ni vijidudu hai ambao, wakitolewa kwa kiasi cha kutosha, wanamletea faida ya afya yule anayewapokea.

Tushike mambo matatu katika maana hiyo: wawe hai, wawe wa kutosha, na faida iwe imethibitishwa. Bidhaa nyingi zinazouzwa zinashindwa katika moja la hayo.

Wazo lenyewe si jipya. Mwanzoni mwa karne ya 20, Élie Metchnikoff wa Institut Pasteur huko Paris, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili, alifikiri kwamba wakulima wa Bulgaria waliishi maisha marefu kwa sababu ya maziwa yaliyoganda. Katika miaka ya 1920 Mfaransa Henri Boulard alipata huko Indochina aina ya hamira ambayo leo inaitwa Saccharomyces boulardii, na ambayo inauzwa katika famasia za nchi nyingi zinazosema Kifaransa. Mwaka 1935 kinywaji Yakult kilianza kuuzwa Japani. Tangu hapo biashara imekua sana, na ahadi zimekua kuliko ushahidi.

Utafiti unaonyesha nini?

Jibu linategemea ugonjwa gani, na ni kijidudu gani.

Kwanza, kuhara kunakoletwa na antibiotiki. Dawa hizi zinaua vijidudu wabaya pamoja na wazuri, ndiyo maana watoto wengine wanahara wanapozinywa. Mwaka 2019 kundi la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima tafiti, lilitazama tafiti 33 zenye watoto zaidi ya 6,300. Kati ya watoto 100 waliopewa antibiotiki bila probiotiki, 19 walihara. Kati ya 100 waliopewa zote mbili, 8 walihara. Hapa kuna faida ya kweli. Lakini kiasi kilichofaa zaidi kilikuwa kikubwa, kuanzia vijidudu bilioni 5 kwa siku.

Pili, kuhara kwa kawaida kwa mtoto, yaani kule kunakotoka katika maji machafu au mikono michafu. Mwaka 2018 tafiti mbili kubwa zilitangazwa, moja ya Marekani na nyingine ya Kanada, zikiwa na watoto zaidi ya 1,800 kwa jumla. Nusu walipewa probiotiki kwa siku tano, nusu walipewa unga usio na kitu. Hawakutofautiana. Mwaka 2020 Cochrane ilipima tafiti 82 zenye watu zaidi ya 12,000, ikaona kwamba probiotiki huenda hazibadilishi sana idadi ya wale wanaoendelea kuhara baada ya saa 48. Na hili ndilo jambo ambalo wauzaji wanalitangaza zaidi kwetu.

Tatu, gesi, tumbo kujaa na maumivu ya mara kwa mara. Mwaka 2020 chama cha waganga wa tumbo wa Marekani kilisema ushahidi hautoshi kuwashauri wagonjwa hao watumie probiotiki. Wengine wanajisikia vizuri wakizitumia, wengine hawaoni kitu.

Katika Umoja wa Ulaya, makampuni yaliomba ruhusa ya kuandika kwenye vichupa kwamba bakteria wao wanalinda tumbo au kinga ya mwili. Maombi mengi sana yalikataliwa. Dai moja lililokubaliwa ni hili: bakteria hai wa yaurti wanamsaidia mtu ambaye tumbo lake halipatani na sukari ya maziwa, iitwayo laktosi. Na yaurti ni chakula cha kawaida tu.

Tusifiche pia habari njema. Mwaka 2017 utafiti wa vijijini Odisha, India, uliwapa watoto wachanga zaidi ya 4,500 bakteria wa aina moja maalumu pamoja na sukari inayomlisha, au unga usio na kitu. Maambukizi makali ya damu na vifo vilipungua toka asilimia 9 hadi asilimia 5.4. Ni tokeo kubwa. Lakini hao walikuwa watoto waliozaliwa na uzito mzuri, waliofuatiliwa na wahudumu wa afya, na bakteria huyo alichaguliwa baada ya kazi ya miaka mingi. Kichupa cha muuzaji si kitu hicho.

Shida ya joto na ya sukari

Kijidudu aliyekufa si probiotiki. Vinywaji vya namna hii vinapaswa kukaa katika frigo toka kiwandani hadi mdomoni. Kwetu umeme unakatika, na nyumba nyingi hazina frigo. Chupa iliyosafiri siku nyingi katika lori, kisha ikawekwa juani sokoni, haina tena kile ulicholipia. Unga mkavu unavumilia joto kuliko kinywaji, lakini nao una mwisho wake. Tena vinywaji vingi vinatiwa sukari nyingi ili vipendeze, jambo lisilomfaa mwenye ugonjwa wa sukari.

Kuna watu ambao wasipewe bidhaa hizi bila muganga kuamua: mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mgonjwa mahututi, mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, na mgonjwa mwenye mpira uliowekwa katika mshipa mkubwa. Kwa hao, kijidudu ambaye kwa mwingine hana shida anaweza kuingia katika damu.

Mashanza yetu je?

Hapa Kivu wazee wetu waligandisha maziwa kabla ya kichupa chochote kufika. Kuna mashanza upande wa Kivu ya Kusini, na kivuguto upande wa Rutshuru na Masisi. Maziwa hayo yanagandishwa na bakteria wa jamii moja na wale wa viwandani. Yana protini na kalisiamu, na laktosi yake imepungua. Hatuwezi kusema kwamba ni dawa, kwa sababu bakteria wa nyumba hii si wale wa nyumba ile, na hakuna aliyewahesabu. Lakini kama chakula cha tumbo, mtu akipenda, yanafaa kwa bei ndogo zaidi.

Hatari moja isisahauliwe. Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na kuganda peke yake hakutoshi kuwaua vijidudu hao. Basi chemsha maziwa kwanza. Yaache yapoe, tia vijiko vichache vya mashanza mazuri yaliyotengenezwa vilevile kwa maziwa yaliyochemshwa, funika, na uyaache usiku mzima au siku moja. Chombo kioshwe kwa sabuni na maji ya moto. Bidoni ya zamani yenye mikwaruzo inaficha uchafu. Nchini Uganda, shirika la Yoba for Life linawapatia vikundi vidogo vya watengenezaji mbegu kavu ya bakteria waliochunguzwa, ili watengeneze yaurti katika mitaa yao. Chama cha wamama chenye ng'ombe karibu kinaweza kujifunza kwa mfano huo.

Wale bakteria wazuri waliomo tayari tumboni nao wanahitaji kula. Chakula chao ni nyuzinyuzi za maharage, sombe, lengalenga, viazi vitamu na matunda. Na mtoto mchanga, hadi miezi sita, apewe titi peke yake: maziwa ya mama yana sukari maalumu inayolisha bakteria wazuri wa mtoto.

Mtoto akihara, fanya hivi

Usianze na probiotiki. Anza na serumu ya kunywa (SRO): pakiti moja katika lita moja ya maji safi, ukimpa kidogo kidogo, mara nyingi. Kama pakiti hakuna, koroga vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Ongeza zinki: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Endelea kumnyonyesha na kumlisha.

Mkimbize kituo cha afya kama anahara maji meupe kama ya kuoshea mchele, kama kuna damu, kama anatapika kila kitu, kama macho yameingia ndani, au hana nguvu ya kunywa. Katika maeneo yetu yenye kipindupindu, kama Uvira, Kalemie na Goma, usingoje kesho. Hakuna kichupa kinachorudisha maji yaliyotoka mwilini kama serumu inavyofanya.

Maswali ya kumwuliza muuzaji

Bakteria huyu anaitwa nani kwa jina lake lote? Ni wangapi walio hai hadi siku ya mwisho iliyoandikwa? Chupa imehifadhiwa wapi tangu ilipofika? Imethibitishwa kwa ugonjwa gani? Asiyeweza kujibu, mwache aende na mzigo wake.

Kwa ufupi: kama muganga amempa mtoto antibiotiki na nyumba ina uwezo, mnaweza kumwuliza juu ya probiotiki. Kwa mtu mzima mwenye afya, kichupa cha kila siku si lazima. Kwa mtoto anayehara, fedha iende kwanza kwa serumu, zinki, sabuni na dawa ya kusafisha maji. Nao wachungaji na mashemasi tunawaomba: bidhaa ya mtu isitangazwe mbele ya kusanyiko kabla wahudumu wa afya wa eneo hawajaulizwa. Waamini wanaamini neno linalotoka madhabahuni, na mama aliyesikia tangazo hilo ndiye atakayelipa.